Hivi sisi kwetu kila chuma ni skrepa tu?

Jamani, wikiendi huku Uingereza nimelipa hela yangu mwenyewe kupanda tagi. Ndio, tagi, ile meli ndogo ya kuvuta matishari, na nimeenjoi kweli. Inaitwa Daniel Adamson, wenyewe wanaiita Danny tu. Imeundwa Birkenhead 1903, enzi hizo jina lake Ralph Brocklebank, ikawa inavuta matishari ya mizigo kati ya Ellesmere Port na Liverpool, 1936 wakaipamba ndani wakaipa jina jipya. Mpaka leo inakula makaa ya mawe kama yetu ya Kiwira, kuna mzee mstaafu yuko chini kwenye boila anapiga koleo, uso mweusi ti, na halipwi hata senti!

Kilichoniuma ni hiki. Danny ilistaafu 1984, ikaachwa, wahuni wakaiharibu, 2004 ikawa inaenda kukatwa. Nahodha mmoja wa tagi akainunua kwa pauni moja. Moja! Wakajikusanya, wakahangaika miaka na miaka, mwisho hela ya bahati nasibu ikawaongezea pauni milioni 3.8, na 2016 ikarudi majini.

Sasa mzee wangu alifanya kazi kwenye meli pale Itungi, bandari yetu ya Ziwa Nyasa, akituambia kengele ya meli ile ilikuwa inasikika mpaka kijijini. Meli ilipochoka kengele ikapimwa kwa kilo ikauzwa pamoja na mabati, basi.

Najua mshaanza, "huyu ameonja Ulaya kidogo ameanza kutudharau." Nani kadharau? Huku mvua haikatiki na mbalaga, ndizi zetu za kupika, naota tu usiku. Mwingine atasema mbona tuna meli ya Liemba kule Kigoma, Ziwa Tanganyika, na hapo kweli natembea kifua mbele, maana Wajerumani waliiunda 1913, wakaizamisha wenyewe 1916 mashine zikiwa zimepakwa grisi, Waingereza wakaiibua 1924 na ikaendelea kupiga kazi mpaka wajukuu wakaipanda. Nimewasimulia wazee wa Danny wakabaki midomo wazi. Ila tusidanganyane, Liemba hatukuitunza kwa mapenzi, ilidumu kwa sababu meli nyingine ya kutegemea hatukuwa nayo.

Na ziwa letu je? Hermann von Wissmann, meli ya Mjerumani, Waingereza waliivamia pale Liuli Agosti 1914 vita ikiwa ndo kwanza imeanza, Nyasa hii hii, na mimi nimemaliza sekondari Mbeya mjini sijawahi kusikia hata jina lake, nimekuja kuisoma huku kwenye baridi. Inakera bwana.

Halafu kuna yule wa "hela ya kutunza machuma si bora inunue dawa za zahanati." Sawa mjomba, nakubali kabisa. Ila kengele ya mzee iliuzwa, na dawa hatukuziona.