Vile nilikaribia kumuua mama mkwe na mahari bado sijamaliza

Kabla hujanihukumu jua tu mimi nilikuwa nataka kula ochuoga, basi.

Kama hukulelewa na Wajaluo, ochuoga ni yale matunda madogo ya porini, Wakikuyu mti wake wanauita mukawa, kichaka hivi cha miiba mirefu na maua meupe yenye harufu tamu, tunda linaanza jekundu likiiva linakuwa zambarau karibu nyeusi, na unakula mpaka ulimi unageuka rangi na midomo inanata kwa yale maziwa yake. Sasa mimi ni mtoto wa Nairobi, ushago tulikuwa tunaenda likizo wiki mbili tunarudi, kwa hivyo ujuzi wangu wote wa miti ya asili ni wa wiki mbili kwa mwaka, na hata hizo wiki binamu zangu ndio walikuwa wanachuma, mimi kazi yangu ilikuwa kufungua mdomo.

Nilipohamia Kasarani nikapata kauwanja nyuma ya nyumba, nikaapa sitapanda bogainvilia kama kila mtu kwa hii kona, nitapanda kitu cha kwetu. Nikaenda kwa wale wauza miche wa kando ya barabara nikamwambia jamaa nataka mukawa. Akapotea huko nyuma, akarudi na mche ndani ya karatasi nyeusi, majani mazito yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nikauzungusha. Nikamuuliza, mbona hauna miiba?

Jamaa hata hakupepesa jicho. "Hii ni ya kisasa boss. Miiba ilitolewa."

Ilitolewa! Na mimi nikalipa mia tatu nikaenda nyumbani nikishukuru sayansi.

Mti ukakaa miaka hapo, unakua polepole kama kesi ya shamba, mimi namwaga maji ya kufulia, mke wangu ananiangalia tu. Mwaka wa nne ukatoa maua meupe yenye kapinki kidogo, harufu mpaka jirani akauliza tumenunua nini, nyuki wakajaa. Nikavunja jani, maziwa meupe hayo. Nikamwita mke wangu, nikamwambia ona, ni wenyewe. Matunda yakafuata, machache, nikawapiga watoto marufuku kabisa kuyagusa, nikasema haya tunangojea mgeni.

Mgeni alikuwa mama mkwe, anatoka Mwala huko Ukambani na kaka yake mkubwa, na hakuna aliyehitaji kuniambia wanakujia nini. Mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa kwa Wakamba, nilipeleka zamani, hao sina deni. Lakini mahari yenyewe nililipa kidogo halafu simu yangu ikaanza kukosa netwaki kila nikiona namba ya upande ule. Kwa hivyo mpango ulikuwa ni kuwafurahisha. Kuku wa kienyeji, pilau, chapati, soda baridi, halafu mwisho kabisa nikaleta bakuli la zile zambarau nimeziosha zinang'aa, nikaliweka mbele ya mama mkwe, na nikasema, kwa sauti, mbele ya watu saba:

"Mama, hizi nimekuwekea wewe peke yako. Watoto nimewakataza, hata mimi sijaonja."

Hiyo sentensi mpaka leo nikiikumbuka nasikia jasho.

Mama akashukuru, akachukua moja, akaishika kwa vidole viwili anaigeuza geuza. Mzee akauliza nimetoa wapi. Nikamwambia hapo nyuma Mjomba, ni mukawa lakini ya kisasa, haina miiba. Mzee akaweka kikombe chini. Akatoka, akakaa huko kidogo, tukasikia mfereji umefunguliwa, kurudi ananawa mikono na sabuni mpaka kwenye viwiko. Akamwambia dadake neno moja tu la Kikamba.

"Kivai."

Wueh. Mama mkwe na ule umri wake alirusha lile tunda likagonga pazia.

Mzee akanielezea polepole vile unaelezea mtu mgonjwa. Huo ndio mti wa sumu ya mishale. Wawindaji wa zamani walikuwa wanauchemsha mpaka inatoka kitu nyeusi kama lami, wanapaka mshale, wanauzungushia kangozi, na moyo wa mnyama unasimama. "Ndovu alikuwa analala chini," akasema. "Ndovu, kijana."

Nikamwangalia mke wangu. Nilimwona akipiga hesabu: deni la mahari, wewe peke yako, watoto nimewakataza. Hata mimi ningekuwa jaji ningenifunga.

Hapo ndipo nikakumbuka kijiti. Baada ya kuku nyuzi ya nyama ilikuwa imekwama kwa meno, nikatoka nje nikavunja kijiti kwa ule ule mti nikachokonoa nikiwa nimeridhika kabisa na maisha. Moyo ukaanza kugonga kama mtu anadai rent.

Kwa hospitali nesi akaniuliza sumu gani. Nikamwambia ya mishale. Akanitazama mgongo, akauliza, "Nani amekupiga mshale?" Wakanibandika mawaya kifuani, wakaniweka masaa, mama mkwe amekaa kando ananishika mkono akiomba kwa Kikamba, na sijui mpaka leo kama alikuwa ananiombea au anatoa shukrani. Mwisho daktari akasema moyo uko sawa, ni uwoga tu.

Usiku nikasoma. Kumbe kivai na mukawa ni wa ukoo mmoja, ndio maana maua yanafanana na maziwa ni yale yale, na ile miiba niliyoambiwa imetolewa ndiyo ingenitofautishia. Na kuna panya mmoja mwenye manyoya marefu, watafiti walimwandika 2011 wakiwa hapa hapa Kenya, anatafuna gome la huo mti halafu anajipaka mate yenye sumu kwa manyoya ya ubavuni, mbwa akimuuma anajuta. Panya anaujua huo mti. Mimi nina diploma.

Mti tuling'oa na glavu, ingawa Mzee alinivuta kando akaninong'oneza nimwekee kipande cha mzizi, sikuuliza cha nini. Hesabu ya mbuzi akasema itaangaliwa upya, na kwa mara ya kwanza sikubisha hata mmoja.

Mama mkwe alirudi Pasaka. Alikuja na hotpoti yake, chupa yake ya chai na ndizi ambazo hazijamenywa.