Sola Lamu: jua tunalo, dari je?

Stima ikipotea usiku wa joto, watu wa Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, hupanda darini kutafuta upepo, na mazungumzo huishia palepale: tuweke sola, tuachane na tokeni za stima. Mimi naiunga mkono sola kwa moyo wote. Ila kwa nyumba zetu za mawe naona hesabu inaanziwa kubaya. Watu huuliza kwanza bei ya paneli, na dari itakayoibeba hawaiulizi kabisa.

Kuhusu jua hakuna ubishi. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Paneli ya wati 300 ikipata saa 5 za jua kali hutoa yuniti moja na nusu kwa siku. Toa inayopotea kwa joto, vumbi na waya, unabaki na yuniti moja na kidogo. Taa 6 za wati 7 zikiwaka saa 5 hazifiki robo ya yuniti. Feni ya wati 50 ikizunguka saa 8 za usiku haifiki nusu. Friji ndogo peke yake yaweza kula yuniti nzima, na pasi ya wati 1000 hiyo yataka inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa laini) na betri za gharama nyingine kabisa.

Halafu sisi tulishasema hadharani kwamba tunataka nishati safi. Mwaka 2019, jopo la taifa la rufaa za mazingira lilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, wengi hapa walishangilia. Malindi nako, kule Langobaya, mtambo wa sola wa megawati 52 ulikamilika 2021 na unalisha gridi ya taifa. Lakini paneli za Langobaya zimekaa ardhini, zina nafasi na watu wa kuziangalia kila siku. Zetu tunazipandisha juu ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko.

Hapo ndipo penye kazi. Toboa sakafu ya dari kwa bolti bila kuziba sawasawa, na masika yajayo maji yatashuka taratibu hadi kwenye boriti. Hutaona kitu mpaka chokaa ianze kudondoka chumbani. Banda la makuti nalo halifai kubeba paneli: makuti hushika moto upesi, na waya uliofungwa ovyo hutoa cheche. Fremu na ikae juu ya kuta, ambako uzito unashuka vizuri, ifungwe imara maana kusi haina huruma. Na iwe ya alumini, na bolti za chuma kisichoshika kutu. Nimewahi kushika bolti ya fremu iliyokaa darini miaka 3 tu. Kichwa chake kilimeguka mkononi mwangu kama biskuti iliyoloa chai. Paneli yenyewe ilikuwa nzima, ya kutumika miaka 25.

Wapo wanaosema paneli zinauharibia sura mji ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Hoja yao naiheshimu, ila ina dawa: paneli ikilazwa chini ya usawa wa ukingo wa dari, anayepita kichochoroni haioni. Muhimu watu wa Makumbusho ya Taifa waulizwe kabla ya kutoboa, si baada.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni urithi wa nyumbani. Nyumba nyingi ni za ndugu: dada yuko chini, kaka juu. Dari ni ya nani? Kaka akiweka paneli leo, na kesho mwingine akataka kuongeza chumba palepale, ni ugomvi. Wakae waandikiane mapema, mbele ya wazee.

Wanaopendelea kubaki na tokeni nao wana haki yao. Betri za asidi huchoka baada ya miaka michache, na za lithiamu, zinazodumu zaidi, bei yake ni nzito. Mwenye taa tatu na simu za kuchaji hana sababu ya kukata laini ya stima. Betri moja ya taa na feni, ya kumvusha usiku wa giza, yamtosha. Lakini mama anayeuza barafu au samaki wa friji, kazi yake ni ya mchana, jua likiwa kali. Huyo aweke sola bila kungoja: mchana ale jua, usiku laini ishike zamu, na betri kubwa hahitaji.

Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya. Akija, asipime saa sita tu. Mpandishe tena saa kumi, umwonyeshe kivuli cha ghorofa ya jirani kinaangukia wapi, kwa sababu paneli zilizofungwa mfululizo, moja ikiingia kivulini, huzipunguzia nguvu na nyingine.