Gros gani sasa jamani

Mimi waini siinywi, niseme mapema mama asije akazimia huko Tanga. Ila riziki ndo riziki, niko kwenye mgahawa mmoja Beaune, Ufaransa, mchana naosha vyombo usiku nashushwa stoo ya chini kuleta chupa, na hizo chupa ndo zinanizeesha.

Juzi Jumamosi watu wamejaa, bosi kachungulia ngazini kapiga ukelele, "Richebourg ya Gros, fasta!" Richebourg ni waini yenye jina la shamba lake, Gros ni jina la mtengenezaji. Nikashuka mbio na tochi ya simu maana taa ya kule imekufa siku nyingi, nafika nakuta chupa za kina Gros wanne, ukoo mmoja, zimelala zinanitazama. Michel Gros, Anne Gros, A.-F. Gros, na Gros Frère et Sœur. Michel nikamtoa, yeye Richebourg hana, siku ya kugawana mashamba ndugu zake walichukua Richebourg yeye akaachiwa shamba la Clos des Réas zima peke yake. Bado watatu, na wote wanayo, wote kwenye shamba lile lile la hekta 8 tu, kijiji cha Vosne-Romanée.

Sasa nifuate polepole. Anne ni binti wa François. A.-F. ni Anne-Françoise, huyu siyo binti wa François, ni binti wa Jean, kwa hiyo hao ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Lakini Anne-Françoise naye kaolewa na François, François mwingine, anaitwa François Parent, na parent kwa Kifaransa ni mzazi! Yaani François aliyemzaa Anne haitwi Mzazi, anayeitwa Mzazi ni mume wa Anne yule mwingine. Halafu kuna chupa za zamani lebo imeandikwa Anne et François. Usikimbilie kudhani ni mtu na mumewe, ni Anne na baba yake.

Na Gros yenyewe maana yake mnene. Kwa hiyo ile ya nne ni Mnene Kaka na Dada. Kaka na dada wenyewe ni Gustave na Colette, halafu ikaenda kwa Bernard, mtoto wa kaka yao, ambaye ni kaka yake Anne-Françoise, basi nikakaa chini.

Nikapandisha ya Anne. Bosi akaitazama kama nimemletea siki. Mteja alitaka A.-F.

Kisa cha yote haya ni Napoléon, sheria yake ya 1804 inataka watoto wote wagawiwe sawa, hata ikiwa ni mistari mitatu ya mizabibu, kama minazi ya marehemu kule kwetu, huyu minne yule mmoja na nusu ya kivuli. Shamba la Clos de Vougeot ni hekta 50 hivi na wenyewe wanakaribia 80. Sawa, gawaneni, ila si mpeane na a.k.a.? Mtaani kwetu kina Ali walikuwa watano na hakuna barua iliyopotea. Ali Mapengo, Ali Baiskeli, Ali wa kwa Bibi Maandazi, kwisha.

Na hapo hatujafika Chassagne-Montrachet, kijiji kingine cha waini. Huko kuna Marc Morey, Jean-Marc Morey, Vincent Morey, Thomas Morey, halafu Pierre Morey yeye yuko kijiji cha Meursault, na Morey-Saint-Denis siyo mtu kabisa, ni kijiji. Baba yao Vincent na Thomas anaitwa Bernard Morey, na hapo hapo Chassagne kuna Bernard Moreau. Hebu lisikie hilo kutoka juu ya ngazi, mtu anakoroma, sufuria zinagongana.

Kitu kimoja nimejifunza, jina la pili baada ya kistari mara nyingi ni la ukweni. Pierre-Yves Colin-Morey ni mtoto wa Marc Colin, Morey ni wa mke wake, Caroline. Nikasema ahaa, nimewapata. Kumbe Caroline naye anatoa chupa zake, zimeandikwa Caroline Morey.

Basi nikachukua soloteipu na makapeni nikabandika rafu zote kwa Kiswahili, BINTI FRANÇOIS, MKE WA MZAZI, WANENE WAWILI. Jana bosi kashuka kazikodolea macho, kabla hajauliza mhudumu kaita toka juu, "Morey ya Chassagne, meza ya sita, ile ya kwa Pierre-Yves!"

Nikamuuliza, ya mume au ya mke?