Ukurasa wa 7 na ukurasa wa 19

Kila nikienda kwa dada yangu Tanga, wageni wanaopita barazani humuuliza mwanawe swali lile lile: "Umefika juzuu ya ngapi?" Mtoto ana miaka 12, anahifadhi Qur'ani, ambayo imegawanywa juzuu, yaani sehemu, 30. Anajibu kwa adabu, "Kumi," watu wanasema mashaallah, na mazungumzo yanaishia hapo. Sijamsikia hata mmoja akimuuliza kama zile za nyuma bado anazo.

Naona hapo tunawaonea watoto wa hifdhi. Tunahesabu wanachopokea, wala hatuhesabu kazi ya kukishika.

Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, na karibu kila ukurasa una mistari 15. Mtoto akipewa ukurasa mmoja kwa siku, siku tano kwa wiki, asiugue wala asisafiri, atamaliza kwa miaka miwili na miezi kama minne. Hesabu hiyo wazazi tunaijua sana. Ndiyo tunayokwenda nayo kwa maalimu, tukitaka kujua mbona mtoto wa fulani amemaliza mapema. Lakini mwenye juzuu kumi ana kurasa kama 200 kifuani. Akitaka kuzipitia zote kila wiki, itambidi asome kurasa 29 kwa siku, mbali na ule ukurasa mpya. Ni karibu juzuu moja na nusu, kwa mtoto aliyetoka shule akiwa na njaa. Akishamaliza, juzuu ni zile zile kumi. Hakuna wa kumwambia mashaallah.

Mtume (s.a.w.) alimfananisha mwenye Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa kamba: akiwaangalia atabaki nao, akiwaachia watakwenda zao. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Wangu walikwenda. Nilipoingia sekondari ya bweni nilikuwa na juzuu saba. Sikukaa siku moja nikaamua kuziacha. Kwanza zilianza kulegea pale ukurasa unapokwisha, aya ya mwisho ikawa hainiiti ya kwanza ya ukurasa unaofuata. Baadaye nikawa nabaki na vichwa vya sura tu. Miaka ikapita. Ramadhani moja nilikuwa safu ya mbele katika tarawehe, imamu akakwama mahali nilipopahifadhi nikiwa na miaka kumi. Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Mzee mmoja safu ya nyuma ndiye aliyemkumbusha. Usiku ule nilirudi nyumbani nikilia.

Ndiyo maana siku hizi nikiwa Tanga, baada ya Alfajiri nakaa na mtoto huyu mkekani, msahafu juu ya marufaa upande wangu, yeye amefumba macho na mikono magotini. Mwezi uliopita tulikuwa katika sura ya Baqara. Aya ya 47, iliyo ukurasa wa 7, na aya ya 122, iliyo ukurasa wa 19, ni moja, neno kwa neno. Zinazozifuata, ya 48 na ya 123, zinaanza sawa, kisha zinaachana kidogo sana: ya 48 inatanguliza uombezi, fidia inafuata, ya 123 inatanguliza fidia, uombezi unafuata. Anayeteleza hapo hajui kama ameteleza, kwa sababu aya zote mbili zinamalizikia maneno yale yale, na inayofuata kila upande inaanza kwa "wa idh". Ulikuwa unakwenda kwa Ibrahim na majaribio yake, unajikuta umerudi kwa Firauni, aya 75 nyuma.

Alikwenda kwa Firauni mara tatu. Mara ya kwanza nilisema tu, "Rudi." Mara ya pili alijishika mwenyewe, lakini alikuwa ameshapita. Mara ya tatu alinyamaza kitambo, nikaona midomo yake inapima: fidia, uombezi, uombezi, fidia. Kisha akavuka, na sauti yake ikabadilika alipofika kwa Ibrahim, kama mtu aliyeona taa ya nyumbani kwao. Na ukurasa ule alikuwa ameuhifadhi miaka miwili nyuma! Hiyo ndiyo kazi ninayoizungumzia.

Sipingi hafla wala pilau la siku ya kuhitimu. Mtoto anastahili furaha yake. Ninachoomba ni kwamba tusimkimbize maalimu anayemzuia mtoto juzuu ile ile kwa miezi miwili mpaka ikae. Huyo hamcheleweshi. Na mzazi asiyehifadhi asijitoe katika jambo hili. Ukijua kusoma herufi, unaweza kuushika msahafu ukafuatilia kwa kidole. Dada yangu hana juzuu hata moja zaidi ya Amma, ile ya mwisho, na yeye ndiye anayemsikiliza kila siku ambayo mimi sipo, mwiko wa uji mkononi.

Asubuhi ile tulipomaliza, mtoto aliniuliza, "Na wewe mjomba, uko wapi sasa?"

Nikamwambia nimeanza upya, nimeirudisha ya kwanza, niko juzuu ya pili.

Akalivuta marufaa upande wake, akafungua Sayaqulu, ndiyo hiyo juzuu ya pili, akaweka kidole mstari wa kwanza. "Haya mjomba," akasema, "fumba macho."