Mchicha Wangu Umenitangulia Gengeni

Leo asubuhi nimenunua mchicha wangu mwenyewe. Mafungu mawili, shilingi mia tano, na nikaambiwa asante, karibu tena.

Mnajua wenyewe hali ya bustani hapa Mtwara miezi hii ya kusi. Mvua tuliagana nayo tangu Mei, na mpaka Novemba au Desemba huko ndiyo itakumbuka kwamba kuna watu. Mchanga wa hapa Chuno ukiumwagia maji unayameza, halafu unakutazama. Madumu nabeba mimi. Samadi nimeomba mimi, kwa heshima zote, kwa mwenye mbuzi walewale waliokula bamia zangu. Majivu ya kuzuia wadudu nimeyazoa jikoni, mtu mzima, na shati la Ijumaa mwilini. Sijisifu. Nasema ili mjue kwamba mchicha ule ulikuwa na baba.

Kuku wa jirani siwazungumzii. Pale Naliendele wataalamu wanatafiti mbegu za korosho na ufuta. Kuku hawa wanatafiti za kwangu, na matokeo wanayatoa siku hiyohiyo.

Basi alfajiri natoka na kopo la kumwagilia, tuta jeupe. Wala haukung'olewa ovyo. Umekatwa kwa kisu, kistaarabu, yamebaki mashina yenye vifundo ili uchipue tena. Mwizi anafikiria na mavuno yajayo! Uzio wangu wa chandarua kikuukuu umechanwa upande wa mbilimbi, umetolewa tepe nyembamba nyembamba kama za kufungia kitu. Mke wangu akatazama, akasema tu, "Baba Hamisi, basi pitia gengeni ulete mboga."

Genge lenyewe ni la Bi Esha. Na Bi Esha ndiye aliyemkanda mama yangu nilipozaliwa mimi. Sasa mtu wa hivyo unampandishia sauti kwa mdomo upi?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu mchicha, umetoka bustanini sasa hivi."

Naam, umetoka. Nikainua fungu moja. Limefungwa kwa utepe wa chandarua cha bluu, na kwenye utepe kuna tone la rangi ya kijani, ileile niliyopaka mlango wangu kwa ajili ya Idi, ikadondokea uzio. Nikakohoa kidogo, kama mzee wa baraza.

"Bibi, utepe huu umetoka wapi?"

"Si chandarua hicho? Tuligawiwa mtaa mzima, mjukuu wangu. Hata wewe si ulipata?"

"Na rangi hii ya kijani?"

"Idi hiyo nani hakupaka?"

Watu wakaanza kusogea. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri chenji akaniuliza kwa upole, "Mzee, kwani risiti ya huo mchicha unayo?" Wakacheka. Nami nikacheka, maana nisipocheka nitaonekana nina jambo.

Nikajaribu mlango mwingine. Nikasema majani haya nayajua, yametobolewa na viwavi upande mmoja. Hapo ndipo nilipojimaliza. Mama mmoja mwenye kikapu akanipokonya fungu mkononi. "Umetobolewa? Basi huu haukupigwa dawa! Bi Esha, niwekee manne." Mwingine naye akataka matatu. Ghafla kila mtu anausifu: laini, mbichi, hauna mchanga, aliyelima huu ana mkono. Ana mkono! Mimi nimesimama pale na mkono wenyewe, nimeutia mfukoni, natafuta mia tano kabla haujaisha.

"Nani anakuletea, bibi?"

"Kijana mmoja mstaarabu mno. Anaamkia mpaka unaona haya."

Anaamkia! Mimi nabeba madumu gizani, mgongo unalia, halafu mwenzangu anaamkia! Na heshima yote ya mtaa inakwenda kwake. Nilitaka kusema neno pale, wallahi, lilifika mpaka kwenye meno. Bi Esha akanitazama, akachomoa shina moja akaniongezea. "Nyongeza hiyo. Leo unaonekana mnyonge."

Nikasema asante.

Halafu anatokea mtu na miwani yake anasema bustani inafundisha subira. Subira ipi? Anayefundishwa ni mimi, anayekula ni mwingine. Na msidhani masika ni afadhali. Januari mvua ikikolea, mchicha unaota wenyewe hadi kwenye njia ya choo, ukimpelekea mtu kwa roho safi anakujibu, "Aa, mboga hiyo tumeichoka." Kiangazi unaibiwa, masika unakataliwa bure. Mwezi wa kugawa kwa heshima mimi bado sijauona.

Mke wangu anasema nipande mbaazi, haziibiwi, zinachosha kuchuma. Mbaazi! Mwaka 2017 India walipozizuia za nje, si tulizitazama magunia kwa magunia, bei imelala chini, hata mwizi hazitaki? Pengine ndicho anachomaanisha. Unapanda na mvua, unangoja mpaka kusi huku, unavuna, halafu unazikalia.

Na nikiwa nawaza hayo, mboga bado haijaiva, simu inaita. Shemeji, kutoka Newala. Mikorosho imeanza kutoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga unanyemelea, dawa yake ya salfa anayo, ila mashine ya kupulizia haina mafuta, nimsaidie kidogo, atanirudishia mnada wa kwanza wa korosho.

Nikamuuliza, shemeji, mnada wa kwanza wa mwaka gani?

Mtandao ukawa mbaya.