Ulimchokoza na nini?

Juzi rafiki yangu alinionyesha picha aliyopiga kwenye michungwa huko Muheza: kiwavi wa kijani, mnene, nyuma ya kichwa amechomoza pembe mbili nyekundunyekundu kama panda ya manati. Kila mtu aliisifia. Mimi nikamuuliza, "Ulimchokoza na nini?" Akacheka. Kijiti.

Kiwavi wa kipepeo wa michungwa hatoi pembe zile akiwa anakula majani yake kwa raha. Huzificha ndani ya ngozi, akazichomoza anapoguswa, pamoja na harufu kali ya kufukuzia adui. Ile ni picha ya woga. Akiwa bado mdogo hukaa waziwazi juu ya jani, amejifananisha na kinyesi cha ndege, kahawia yenye baka jeupe, nawe unampita bila kumwona. Picha hiyo ndiyo ninayoipenda, na haijawahi kusifiwa na mtu.

Sisemi hivi kwa kuwa mimi ni msafi. Zamani kidogo nilikuta kiota cha ndege aitwaye chozi kwenye mlimau nyuma ya jiko la bibi. Kilining'inia kama kifuko, nyasi kavu zimefungwa kwa utando wa buibui, mlango ubavuni na kibaraza kidogo juu yake. Jani moja lilitia kivuli mlangoni. Nikalikata. Halafu la pili, halafu kijitawi kizima. Picha nikaipata: jike katoa kichwa, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Kesho yake kiota kilikuwa kitupu, na kunguru ametua juu ya bati. Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hayo majani yalikukosea nini, mume wangu?"

Tangu siku ile kila nikiinua kamera najiuliza: huyu alikuwa anafanya nini kabla sijafika, na bado anakifanya? Ndege anayekukazia macho ameshaacha kula. Sisi tunaiita picha kali, yeye anapima aruke saa ngapi.

Najua jibu la wengi: bila kusogea hupati kitu, na lenzi ndefu ni ghali. Ghali kweli, yangu ni ya mtumba na ina ukungu. Lakini kwa vipepeo huihitaji. Nenda pale ng'ombe wanaponyweshwa, kwenye tope walilolikojolea, jua likishakolea. Vipepeo madume hujazana hapo kufyonza chumvi, na sehemu yake watampa jike wakati wa kupandana. Wakishatulia hawana habari na wewe, mradi usitie kivuli chako juu yao. Unalala kifudifudi, basi. Shati linaloa na harufu unaizoea. Mara ya mwisho mzee mmoja aliyekuwa akichunga alisimama kwa mbali, akaniuliza kama nimeangusha pesa au nimeanguka mwenyewe.