Dungu si umaskini

Nimetumiwa muhtasari wa tathmini ya kaya zilizo hatarini kutokana na mabadiliko ya tabianchi katika bonde la Rufiji, na umeniharibia Jumapili nzima. Kilichoniudhi ni jedwali la aina za nyumba. Tofali na bati, alama moja. Udongo na bati, alama mbili. Miti na makuti, alama tatu, yaani hatari kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo: "yakiwemo madungu."

Madungu! Nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo makusudi ili maji yapite chini, ndiyo imepewa alama ya nyumba dhaifu mbele ya mafuriko. Na zile za tofali mbichi ambazo Aprili 2024 zililala chali ndani ya maji, hizo salama, zina bati. Ningependa kukutana na aliyebuni kipimo hiki. Nimwulize tu kama amewahi kulala bondeni mwezi wa nne.

Shangazi yangu alihojiwa katika tathmini ya namna hiyo. Kijana alikuja na kishikwambi, mpole, mwenye heshima zake, sina ugomvi naye. Akauliza: "Mama, mafuriko yakija huwa unafanya nini?" Shangazi akamjibu, "Yakiwa ya kawaida nashukuru Mungu, mwanangu. Yakishuka napanda mlau." Kijana akasoma tena orodha ya majibu kwenye kioo, hakuona mlau, akabonyeza "hana mkakati". Shangazi anaisimulia mpaka leo huku anacheka. Mimi sicheki.

Maana mlau, yaani kilimo cha kupanda mafuriko yanapoondoka, ndio mkakati wenyewe. Mpunga unapandwa kwa mvua, mto unafurika unaunywesha, na maji yakianza kurudi unapanda mahindi, kunde na maboga kwenye tope lile lile jipya, kabla halijakauka. Ukichelewa, unyevu umekwenda. Kwa hiyo lazima uwe pale pale shambani, unayaangalia maji yanavyoshuka hatua kwa hatua. Ndiyo sababu watu waliishi kwenye madungu bondeni: kulinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani, na kuwahi tope. Mpunga ukizama sana, mlau unafidia. Mwaka ambao mto haufuriki ndio uliowatia wazee wetu hofu ya njaa.

Sasa twende 1968. Mafuriko makubwa, mashamba yamezama, na 1969 ikaja Operesheni Rufiji: watu watolewe bondeni, wapelekwe juu kwenye vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema, nakubali, hata kama nakubali kwa shingo upande. Shule zilikuja. Zahanati zilikuja. Mama yangu alijifunza kusoma huko juu, na nisingekuwa naandika hapa kama asingejifunza. Lakini mashamba hayakupanda mlima na watu. Yalibaki bondeni, pengine ng'ambo ya mto kabisa, na mwenye shamba akawa mgeni wa kwenda na kurudi. Usiku nguruwe wakajipatia uhuru wao. Mlau ukawa wa kubahatisha, kwa sababu huwezi kuvizia tope ukiwa mbali nalo.

Miaka hamsini na kitu baadaye anakuja mtafiti, anakuta kaya ina shamba moja la mbali, mavuno haba, deni dukani. Anaandika: "uwezo mdogo wa kustahimili". Sawa kabisa, ni mdogo. Nani aliupunguza? Hilo halina pa kujazwa kwenye fomu. Fomu inahesabu usichonacho leo, basi, kana kwamba umaskini wa Rufiji umeota wenyewe kama gugu maji.

Na usiniambie ndivyo sayansi inavyotaka. Jopo lenyewe la IPCC, la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, ambalo kila ripoti ya hapa nchini inalitaja ukurasa wa kwanza, lilibadilisha mpangilio wake 2014: kuwa karibu na hatari ni jambo moja, udhaifu wa watu ni jambo jingine. Ripoti hii bado imechanganya vyote kwenye chungu kimoja kwa mtindo wa ripoti ya jopo hilo ya 2007, halafu inatoa namba moja yenye desimali mbili. Desimali hizo ndizo zinazowatisha madiwani.

Kuna jambo jingine linasemwa kwa kunong'ona, nami naliandika. Bwawa la umeme la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Tangu hapo mto huu hauendeshwi na mawingu peke yake, una milango na una watu wanaoifungua. Wanaosema bila bwawa maji ya 2024 yangekuwa mabaya zaidi huenda wana haki, na umeme tunautumia wote, hata mimi ninayeandika hapa. Lakini tope linalobaki nyuma ya ukuta ndilo lililokuwa mbolea ya mlau, na mkulima wa Mohoro, huku chini ya bwawa, anahitaji kujua maji yatafunguliwa lini kuliko anavyohitaji semina ya kilimo himilivu. Nimetafuta neno "bwawa" kwenye muhtasari. Limo mara moja, kwenye orodha ya vivutio vya uwekezaji.

Ya delta, mikoko inayofyekwa kwa ajili ya mpunga na maji chumvi, nitayaandikia siku yake. Na ndiyo, najua dungu haliokoi kila kitu. Maji yakikaa bondeni wiki kwa wiki, hata aliyelala juu ya nguzo anashuka akiwa na njaa. Sijasema watu wasisaidiwe.

Ila fungua ukurasa wa mapendekezo. La kwanza kabisa: kaya zilizoko bondeni zihamishiwe maeneo ya juu. Walifika hapo hapo 1969, bila kishikwambi hata kimoja.

Nasikia warsha ya kuhakiki matokeo itafanyika Dodoma. Aalikwe basi hata mkulima mmoja anayelima mlau, apewe nafasi ya kusema kabla ya chai na si baada ya wengi kuondoka, na nauli yake itumwe mapema. Na mtu wa bwawa awepo, aje na ratiba ya milango.